Kalenda ya msafirishaji wa mizigo: Tarehe za kujiandaa nazo mwaka ujao

Lori likikwama mpakani siku nne, hasara haiishii kwenye siku hizo nne. Dereva anahitaji posho, marejesho ya mkopo wa benki hayasubiri, kontena linahesabiwa siku na kampuni ya meli, na safari iliyokuwa ifuate hupewa mwingine. Hata hivyo, mengi yanayosimamisha mizigo katika njia za Mombasa na Dar es Salaam yana majira yake. Anayeyajua mapema hujipanga.

Januari na Februari: nyaraka na uzito

Huu ni wakati wa kukagua tarehe za mwisho za leseni, bima na pasi za madereva. Lori linalovuka mpaka huhitaji Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayolinda watu wengine katika nchi zilizo kwenye mpango huo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango wa kadi hiyo. Dereva awe pia na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Ekseli ya mbele ya usukani isizidi tani 8, ekseli mbili za pamoja zenye matairi manne kila moja tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Wengi hukamatwa kwenye mzani wakati jumla iko sawa, kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja. Ni nafuu kuupanga upya ukiwa ghalani kuliko Mariakani au Vigwaza.

Machi hadi Mei: masika

Masika hunyesha pwani na kaskazini, wakati Mbeya na Zambia mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo malori ya Tunduma hukutana na mvua mapema kuliko yale ya Malaba. Mkataba na mwenye mzigo useme wazi nani atalipia siku za kusubiri barabara ikifungwa, na maturubai yakaguliwe kabla ya safari.

Juni na Julai: bajeti na ushuru

Mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda huanza Julai 1, na viwango vya forodha hubadilika siku hiyo. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Nchi mwanachama huweza kuruhusiwa kutoza kiwango tofauti kwa bidhaa fulani, na kwa kawaida ruhusa hiyo hudumu mwaka mmoja. Mwenye shehena inayotarajiwa kufika mwishoni mwa Juni amuulize wakala wake wa forodha mapema, kwani kuchelewa kwa meli kwa siku mbili kunaweza kubadili hesabu yote ya faida.

Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zinahitaji cheti cha uasili ili zisitozwe ushuru wa kuingiza. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani.

Wakati wa mavuno: nafaka

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha kuonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Mfanyabiashara wa nafaka apime mahindi kabla ya kupakia. Gunia lenye unyevu likifika Namanga halina tena wa kulikausha.

Oktoba hadi Desemba: vuli na sikukuu

Mizigo ya sikukuu huingia wakati mmoja na mvua za vuli. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ulioanza mwaka 2014, kodi hulipwa katika nchi mzigo unakokwenda kabla haujatoka bandarini. Nyaraka zikiwasilishwa kabla ya meli kufika, siku za bure za kontena hazipotei. Ratiba ihesabu pia siku za kurudisha kontena tupu.

Mwaka wa uchaguzi

Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilisimamisha malori na kusababisha uhaba wa mafuta Uganda na Rwanda mapema mwaka 2008. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka uchaguzi mkuu mwezi Agosti, kila baada ya miaka mitano. Wateja wa Kampala na Kigali wanaotegemea njia moja wafanye mazungumzo na wakala wa njia ya pili miezi kadhaa kabla. Siku ambayo barabara imefungwa, kila mtu hutafuta lori la Rusumo na bei huwa si ile ya jana.