Fedha, Amonia na Seli za Hortega

Fedha ni rangi yenye kiburi. Sisi tunaopaka slaidi katika maabara za histolojia tunaijua tabia yake: chombo kikiwa na uchafu kidogo tu, au ukitumia maji ya bombani badala ya yaliyokenekwa, kipande chote kinageuka masizi na kazi ya asubuhi nzima inaishia kwenye ndoo. Ila ikikubali, hakuna rangi inayoifikia. Ndiyo tunayoitegemea hadi leo kutafuta fangasi ndani ya tishu: ukuta wa fangasi hunywa fedha ukawa mweusi ti, mengine yote yakabaki kijani.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba watafiti wanataka kuziamsha seli za kinga za ubongo zipambane na glioblastoma, uvimbe mkali kuliko karibu vyote vinavyoanzia ubongoni, mawazo yangu hayaendi kwanza kwa madaktari. Yanakwenda Madrid, kwa mtu aliyekuwa akidondosha amonia tone kwa tone.

Pío del Río-Hortega alizaliwa 1882 Portillo, karibu na Valladolid. Alipoingia maabara za Madrid, Mhispania mwenzake Santiago Ramón y Cajal alikuwa mfalme wa fani. Cajal alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitalia Camillo Golgi, aliyegundua mwaka 1873 kwamba nitrati ya fedha inaweza kuichora neva nzima na matawi yake. Neva zilionekana. Kwa dhahabu, Cajal akazionyesha pia seli zenye umbo la nyota zilizo kati ya neva. Ila lilibaki kundi la seli ambazo kwake zilionekana kama viini vitupu visivyo na mikono, naye akaziita elementi ya tatu, akaziacha hapo.

Mwalimu wa Hortega, Nicolás Achúcarro, alikuwa ameanza kuzisogelea kwa tanini na fedha, lakini alifariki 1918 akiwa bado kijana wa miaka 37. Hortega akaendeleza mwenyewe. Alichanganya nitrati ya fedha na kaboneti ya sodiamu, ikagandamana, kisha akaiyeyusha kwa amonia hadi maji yakawa maangavu. Amonia ikizidi, dawa inapoa na haishiki kitu. Ikipungua, mchanga wa fedha unabaki juu ya slaidi. Mtu anaweza kulisoma hilo kitabuni kwa dakika moja. Kulijua kwa jicho na kidole ni kazi ya miaka.

Mwaka 1919 alitangaza alichokiona. Vile viini vitupu vilikuwa na mikono, myembamba, yenye matawi kama miba. Tena havikuwa vya aina moja: ndani ya kundi la Cajal mlikuwa na seli za aina mbili, mikroglia, ndizo zile seli za kinga za ubongo, na zile zilizokuja kuitwa oligodendroglia. Aliona jambo kubwa zaidi pia. Ubongo ukijeruhiwa, mikroglia hukunja mikono, huvimba, husogea mpaka penye jeraha na kumeza mabaki. Akasema hazitoki kwenye asili moja na neva. Ilipofika 2010 watafiti walionyesha kwa panya kwamba mikroglia hutokana na seli za mfuko wa kiini-yai, zikaingia ubongoni mimba ikiwa changa. Mhispania yule alikuwa amepiga karibu sana na shabaha.

Mkubwa hakupendezwa. Cajal alidai Mskoti mmoja, Robertson, alikuwa ameziona kabla, na mwaka 1920 Hortega akatolewa katika maabara yake. Alihamia chumba cha kazi katika Residencia de Estudiantes. Watu huandika ugomvi huo kama msiba wa watu wawili wakubwa. Mimi nauona kama ugomvi wa maabara yoyote, ambapo kijana akipata slaidi safi kuliko ya bosi, hewa hubadilika.

Mwaka 1924 daktari Wilder Penfield alisafiri hadi Madrid kujifunza mbinu ya Hortega. Mwaka uliofuata alichapisha makala kuhusu mikroglia na umezaji wao ndani ya vivimbe vya ubongo. Naomba msomaji aishike tarehe hiyo: 1925, kabla hata ya Percival Bailey na Harvey Cushing kutoa mpangilio wao wa vivimbe mwaka 1926, seli za kinga zilishaonekana zimekaa ndani ya uvimbe. Mwaka 1928 Penfield alimpasua dada yake mwenyewe, Ruth, aliyekuwa na uvimbe wa aina ya oligodendroglia. Uvimbe ulirudi, naye akafariki miaka michache baadaye.

Kwa nini basi habari ikapoa? Sababu moja ni ile ile ya kiburi cha fedha. Waliojaribu mbinu ya Hortega kwingine walipata masizi, na wakaanza kushuku kama seli zenyewe zipo. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Hispania 1936. Hortega akaenda Paris, halafu Oxford, alikochunguza vivimbe vya ubongo, na mwishowe Buenos Aires, alikofia 1945.

Zilipopatikana rangi za kingamwili, zisizohitaji mkono wenye bahati, wataalamu waligundua kwamba katika glioblastoma seli hizi pamoja na ndugu zao watokao damuni zinaweza kufikia theluthi moja ya uvimbe au zaidi. Wala hazikuwa zikiula. Uvimbe unazituliza kwa kemikali zake, nazo zinausaidia kupenya zaidi. Mwaka 2013 dawa inayozuia CSF-1, ishara ambayo seli hizi huitegemea, iliwageuza walinzi hao katika panya, na vivimbe vikasinyaa. Dawa ya kundi hilo ilipojaribiwa kwa wagonjwa 37 waliorudiwa na glioblastoma, matokeo ya 2016 hayakuonyesha faida. Panya ni panya.

Habari ya Calgary, Kanada, ndiyo iliyonishtua. Mwaka 2014 kundi la Susobhan Sarkar na Wee Yong lilionyesha kwamba mikroglia waliotolewa kwa wagonjwa wenye uvimbe wameshindwa kuzibana seli zinazouanzisha, lakini wakipewa amfoterisini B wanaamka. Amfoterisini! Wauguzi wa wadi zetu wanaijua kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, dripu inayomtetemesha mgonjwa na kulazimu figo zipimwe mara kwa mara. Ni dawa ya fangasi, na fangasi ndio mimi huwasaka kwa fedha. Kwa panya wenye uvimbe iliwaongezea siku za kuishi. Mwaka 2020 kundi lilelile likaeleza kwamba niasini, yaani vitamini B3, nayo inaziamsha, na Calgary wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa pamoja na mionzi na temozolomidi, dawa ya saratani.