Mtoto akipaliwa na korosho: jinsi nyuzi za kioo zinavyomwezesha daktari kuona ndani

Msimu wa korosho Masasi na Newala, punje huwa kila mahali: uani, mkekani, hata mifukoni mwa watoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 hatafuni vizuri, na korosho au karanga inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Hupaliwa, hukohoa sana, kisha hutulia. Kutulia si kupona. Huenda punje imeshuka hadi kwenye pafu.

Daktari huonaje?

Sarafu huonekana kwenye X-ray, lakini korosho kwa kawaida haionekani. Kwa hiyo daktari hutumia bronkoskopu, mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Punje hutolewa kwa koleo dogo, bila kumpasua.

Mara nyingi taa yenyewe iko nje. Mwanga wake husafiri ndani ya nyuzi za kioo. Kila uzi una kiini kilichozungukwa na ganda la kioo cha aina nyingine. Mwanga ukigonga ganda kwa mshazari hurudishwa ndani, tena na tena, hata uzi ukipinda. Jaribu nyumbani: inua glasi ya maji, utazame uso wa maji kutoka chini, kwa upande. Utang'aa kama kioo cha kujitazamia.

Aina za nyuzi

- Za kuangaza: nyuzi nyingi pamoja, bila mpangilio maalumu.
- Za picha: kila uzi hubeba nukta moja, na mpangilio ni uleule ncha zote mbili. Vifaa vingi vipya vina kamera ndogo badala yake.
- Za mawasiliano: kiini chembamba sana hupitisha mwanga kwa njia moja tu, kwa masafa marefu, kama kwenye Mkongo wa Taifa unaobeba simu na intaneti.

Wewe ufanye nini?

- Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Usiingize kidole kooni bila kuona kitu.
- Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe, mpige mgongoni mara 5 katikati ya mabega, na uite msaada.
- Hata akitulia, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Sema alikuwa anakula nini, na uulize kuhusu rufaa ya hospitali yenye bronkoskopu.
- Kikohozi au mluzi kifuani usioisha baada ya kupaliwa usiutibu kama mafua.
- Usimpe mtoto wa chini ya miaka 5 korosho au karanga nzima. Zisage.