Leseni ya wakunga na wachuaji wa jadi: kutoka kutambuliwa na jamii hadi daftari la Baraza

KATIKA maboma ya Wamaasai yanayoizunguka Endulen, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mama mjamzito hupita kwanza mikononi mwa mkunga wa jadi, ambaye kwa Kimaasai huitwa enkaitoyoni. Mkunga huyo hulipapasa na kulichua tumbo ili kujua mtoto amelalaje. Hana kitabu wala mashine, na elimu yake ameipata kwa kufuatana na mwanamke aliyemtangulia. Je, mtu wa namna hiyo ni mtaalamu anayestahili leseni? Na kama anastahili, nani aandike masharti yake?

Serikali ya kikoloni ililijibu swali la kwanza kwa njia rahisi. Sheria ya madaktari haikumzuia mwenyeji kutibu kwa njia za asili, mradi jamii yake yenyewe imtambue na tiba yake isihatarishe maisha. Msimamo huo ulibaki hata baada ya Uhuru. Daftari halikuwapo, na ushahidi wa utaalamu ulikuwa majirani.

Hali ilianza kubadilika taratibu. Mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Waganga nao walijikusanya katika vyama. Kilichojulikana zaidi kilikuwa Chama cha Waganga na Wakunga wa Tiba Asilia Tanzania (CHAWATIATA), ambacho jina lake lenyewe liliwapa wakunga nafasi sawa na wenye dawa za miti. Baadaye likaundwa Shirikisho la Vyama vya Tiba Asili Tanzania (SHIVYATIATA). Vyama hivyo vilitaka mganga atofautishwe na mchawi, na watu wa fani waketi pale kanuni zinapoamuliwa.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliwapa sehemu kubwa ya walichokitaka. Iliunda Baraza lenye wajumbe kutoka miongoni mwa watoa tiba wenyewe, pamoja na Msajili wa kutunza daftari. Kutibu bila kusajiliwa kukawa kosa. Hata hivyo sheria hiyo haikuitupa kanuni ya zamani, kwani mtaalamu wa tiba asili bado anaelezwa kuwa mtu anayetambuliwa na jamii yake, anayetumia mimea, wanyama, madini na njia nyinginezo zitokanazo na mila, utamaduni au dini.

Mchuaji na mkandaji wameingia katika hizo "njia nyinginezo", na tatizo lao linaanzia hapo. Dawa ya mti inaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikapimwa sumu, lakini mkono hauna sampuli. Wataalamu wa uzazi huonya kuwa kulichua tumbo la mjamzito kwa nguvu kunaweza kuliachanisha kondo la nyuma na mji wa mimba kabla ya wakati, jambo linaloweza kumuua mama na mtoto. Cheti kinachothibitisha tu kwamba mwenye nacho anafahamika kijijini hakimlindi mama huyo. Mijini nako anayefungua chumba cha masaji huhitaji leseni ya biashara, ambayo hutolewa kwa duka na haisemi lolote kuhusu ujuzi wa vidole.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili waziwazi zaidi. Afrika Kusini imeiorodhesha masaji ya tiba kuwa taaluma inayojitegemea chini ya sheria ya mwaka 1982 ya taaluma shirikishi za afya. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2010 lilichapisha vigezo vya mafunzo ya tuina, uchuaji wa Kichina, na nuad Thai wa Thailand.

Hapa nchini, nguvu za vyama zimetumika zaidi katika kujitetea. Januari 2009, kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wote wa jadi. Mkanda-viungo asiyejua hata ramli inavyopigwa akahukumiwa pamoja na wapiga ramli. Amri hiyo iliondolewa baadaye, lakini Januari 2015 serikali ikatangaza tena kuwapiga marufuku. Kati ya amri hizo mbili, mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walimiminika Samunge, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na serikali ikaishia kupanga foleni.

Kwa mkunga wa Endulen, usajili ni safari. Fomu huanzia kwa uongozi wa kijiji na kata, kisha hupitia wilayani, na makao makuu ya wilaya yako mbali kaskazini, upande wa Loliondo. Wakati huohuo, tangu mwaka 2022, ulipoanza mpango wa kuhamishia wakazi Msomera wilayani Handeni, wenyeji wamelalamika kuwa huduma za Hospitali ya Endulen zimepunguzwa. Hospitali inapopungua, mikono ya mkunga huongezewa kazi, ikiwa na cheti au haina.

Agosti 2, 2024, Tangazo la Serikali Namba 673 lilifuta vijiji na kata za tarafa ya Ngorongoro. Wananchi waliandamana, na Agosti 22 Mahakama Kuu, Arusha, ikasitisha utekelezaji wake. Kwa siku hizo ishirini, kwenye karatasi, mkunga aliyetaka kusajiliwa hakuwa na kijiji cha kumwandikia barua kwamba jamii yake inamtambua.