Thairoidi: Uchovu, Maumivu ya Mwili na Uzito wa Akili

Thairoidi, iitwayo pia tezi dundumio, ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto. Kwa mtu mzima haizidi sana gramu 25. Kwa kutumia iodini iliyomo katika chakula, tezi hii hutengeneza homoni za T4 na T3, ambazo huamua kasi ya kazi ya moyo, utumbo, misuli na ubongo. Homoni hizo zikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo.

Dalili huja kwa kunyemelea, na ndiyo maana hupuuzwa. Mgonjwa anaamka amechoka ingawa amelala usiku kucha. Mapaja na mabega yanauma, vidole vinakufa ganzi kwa sababu tishu zilizovimba hubana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Baridi anaihisi yeye peke yake. Choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, sauti inakwaruza, hedhi inavurugika, na uzito unaongezeka bila yeye kula zaidi. Kisha unakuja uzito wa akili: anasahau alichotumwa, anapoteza hesabu ya fedha alizozihesabu sasa hivi, anatafuta neno analolijua. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi jamaa huona uvivu au huzuni pale ambapo pana ugonjwa.

Kasenyi, mji wa wavuvi kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, kilomita 50 hivi kutoka Bunia huko Ituri, Kongo, unaonyesha vizuri ugumu wa kuutambua ugonjwa huu. Huko mtu anayelalamika kwamba mwili unamuuma atafikiriwa kwanza kuwa na malaria, na ni haki, kwa kuwa mbu ni wengi. Tifoidi, kichocho na upungufu wa damu pia humchosha mtu. Katika foleni hiyo thairoidi huwa ya mwisho kukumbukwa.

Ufuko wenyewe unaweza kudanganya. Mlaji wa samaki hudhaniwa kuwa salama, lakini iodini nyingi ya dunia iko baharini, na samaki wa maji matamu huwa nayo kidogo kuliko wa bahari. Samaki aitwaye kapiteni wa Ziwa Albert ana protini nzuri, ila hawezi kuhesabiwa kuwa chanzo cha kutosha cha iodini. Ng'ambo ya ziwa, huko Kibiro nchini Uganda, wanawake wamechuja chumvi kutoka ardhini kwa karne nyingi. Hata hivyo chumvi ya asili haiwi na iodini ya kutosha mpaka iongezwe.

Kongo imelipa gharama kubwa kwa upungufu huo. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Ubelgiji walikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, limeenea katika eneo la Uele, kaskazini mwa Ituri. Baadaye François Delange na André Ermans walichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu na kukuta jambo la kushangaza. Upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi ni kama mmoja kati ya 20, ilhali pande zote mbili zilikosa iodini.

Tofauti ilielekeza kwenye chakula, hasa mihogo. Mihogo isiyoandaliwa vizuri hutoa sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, na hiyo huizuia tezi kunyonya iodini kidogo iliyopo. Mihogo yenyewe haina haja ya kufukuzwa mezani. Kuiloweka kwa siku kadhaa, kuichachusha na kuianika vizuri kabla ya kusaga unga wa bugali hupunguza sumu hiyo sana, na sombe, yaani majani ya mihogo, nayo hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu nzuri.

Iodini kupita kiasi nayo ina madhara. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Kivu kuhusu watu ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi baada ya chumvi yenye iodini kuingia sokoni. Moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka, mwili ukakonda. Walio hatarini zaidi ni wenye rovu la muda mrefu lenye vinundu. Kwa hiyo kunywa matone ya iodini bila kupimwa ni hatari.

Si kila tezi iliyolegea imekosa iodini. Mwaka 1912 Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani, alieleza ugonjwa ambao sasa unajulikana kuwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe. Sababu yoyote iwayo, kipimo kikuu ni cha damu, kiitwacho TSH: tezi ikishindwa kazi, kwa kawaida TSH hupanda. Tiba ni kidonge cha levothairoksini, kinachomezwa kila siku kabla ya kula chochote. Vidonge vya madini ya chuma na kalisi vinywewe baada ya muda wa saa nne kupita tangu kumeza kidonge hicho. Dozi hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na kwa wengi maumivu na usahaulifu hupungua taratibu.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito 250, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni hizi na hasara yake hairudishwi. Chumvi yenye iodini ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Na yeyote ambaye amekwisha kutibiwa malaria, lakini uchovu, ganzi na usahaulifu vikabaki kwa wiki nyingi, amwombe daktari kipimo cha TSH.