Kidatu: Mji wa Miwa, Maji na Reli

Kidatu iko mlangoni mwa bonde la Kilombero, pale Ruaha Mkuu unapotoka milimani na kuingia tambarare. Hapakuwa na mchoro mmoja wa mji. Zilizopangwa ni kambi na kota: za sukari, za umeme, za reli. Mitaa ya Mkamba na Ruaha, yenye maduka, magenge na vyumba vya kupanga, ilijijenga yenyewe kando yake.

Sukari ndiyo iliyotangulia. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianzishwa mwaka 1960 kwa mitaji ya nje, ukiwamo mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, miongoni mwa ya kwanza liliyotoa Afrika. Kiwanda cha Msolwa kilianza kazi mwaka 1962. Cha Ruembe, ng'ambo ya mto upande wa Kilosa, kikafuata mwaka 1976. Wenyeji huviita K1 na K2. Makapi ya miwa hufanya hapa kazi ambayo kwingineko hufanywa na makaa ya mawe: huchomwa kwenye boila, na mvuke wake huendesha mitambo na kuzalisha umeme wa kiwanda. Wakati wa mavuno mashamba hutiwa moto kabla ya wakata miwa kuingia, na masizi meusi huangukia nguo zilizoanikwa uani.

Umeme wa mto ulianza mwaka 1975. Maji ya bwawa la Kidatu hupita kwenye handaki ndani ya mlima hadi mitambo iliyo chini ya ardhi, yenye megawati 204 tangu awamu ya pili ikamilike mwaka 1980. Hakukuwa na kituo cha umeme wa maji nchini kilichozidi hiki hadi lilipokuja Bwawa la Julius Nyerere. Kwa miaka mingi Dar es Salaam ilitegemea nguzo zinazoanzia hapa. Akiba ya maji, hata hivyo, iko mbali juu ya mto, katika bwawa la Mtera. Ilipopungua, kama mwaka 2006, mgao wa umeme uliikumba nchi nzima.

Reli nazo zilikutana Kidatu bila kuungana. Tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa lina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina 1,067. Kwa tofauti hiyo ndogo, mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Kati ya waajiri hao watatu, sukari, umeme na reli, kilicholisha mji ni kiwanda cha sukari, kilichobinafsishwa mwaka 1998. Kituo cha umeme huhitaji umati wa vibarua wakati wa ujenzi tu. Baadaye hubaki mafundi wachache. Kituo cha umeme cha Kihansi, kusini-magharibi mwa Ifakara, kina megawati 180 tangu mwaka 2000, lakini hakina shamba la miwa wala kiwanda pembeni, na hakuna mji wa ukubwa wa Kidatu uliochipuka hapo.