Ubalozi si Suti na Karamu

Wapo vijana wengi wanaotamani kazi ya ubalozi. Ukiwauliza kwa nini, watakutajia gari lenye bendera, karamu za jioni na safari za ndege. Sikatai, hayo yamo. Lakini balozi amebeba maneno ya nchi nzima, na siku ya kuyalipia maneno hayo huenda akalipa yeye peke yake. Mfano mzuri tunao hapa hapa nyumbani, naye ni Dakta Salim Ahmed Salim.

Salim alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alikuwa tayari balozi mjini Cairo. Baadaye alitumikia New Delhi na Peking, na mwaka 1970 akapelekwa New York kuwa mwakilishi wetu katika Umoja wa Mataifa. Huko alikaa miaka kumi.

Suala lililokuwa moto wakati ule ni kiti cha China. Tangu mwaka 1949 serikali ya Mao Zedong ilikuwa ikitawala China bara, lakini kiti cha Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali ya Chiang Kai-shek iliyokimbilia Taiwan, huku Marekani ikiitetea. Tanzania ilisimama na Peking. Tarehe 25 Oktoba 1971 kura zikapigwa: nchi 76 ziliunga mkono Peking, 35 zikapinga, na 17 hazikuegemea upande wowote. Wajumbe wa Tanzania walishangilia na kucheza mle mle ukumbini. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku hiyo aliitwa George Bush.

Ikapita miaka kumi. Mwaka 1981 Salim, sasa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa baraka za Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mpinzani wake alikuwa Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka kipindi cha tatu. Na Bush? Alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani.

Katika Baraza la Usalama, Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu. China nayo ikamzuia Waldheim. Wakapiga kura mara 16, wiki baada ya wiki, bila mshindi. Mwishowe wote wawili wakakaa kando, na mwezi Desemba nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wengi waliofuatilia mambo hayo waliona kwamba furaha ya 1971 haikusahauliwa Washington.

Je, Salim alikosea? Mimi nasema hapana. Msimamo ule haukuwa wake binafsi, ulikuwa wa Tanzania, na balozi anayeficha msimamo wa nchi yake ili apate cheo kesho ameanza kuiuza leo. Lakini fundisho la pili ni chungu: katika mambo ya nchi za nje, mkubwa hasahau upesi. Wenye turufu ni watano tu, na wingi wa kura za wanyonge hauwezi kuivunja.

Fundisho la tatu ni kwamba kukosa kiti si mwisho wa kazi. Mwaka 1984 Salim akawa Waziri Mkuu wetu, na kuanzia 1989 hadi 2001 akawa Katibu Mkuu wa OAU. Akiwa huko, mwaka 1993, wakuu wa Afrika waliunda chombo cha kuzuia na kusuluhisha migogoro, wao waliozoea kusema ya jirani hayatuhusu. Mwaka uliofuata Rwanda ikateketea, ingawa Mkataba wa Arusha ulikuwa umetiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Karatasi yenye saini haizimi moto pasipo wenye nia na nguvu ya kuisimamia.

Mwaka 2019 China ilimtunuku Salim Nishani ya Urafiki, miaka 48 baada ya kura ile. Basi kijana unayetamani ubalozi, jiulize kwanza swali moja: nchi ikikutuma kusema neno litakalokunyima cheo, utalisema?