Sadaka bila barua: Marekani ilifikaje hapo?

Ndugu zetu wengi kutoka Kivu wanaoishi Marekani hutoa fungu la kumi kila mwezi. Lakini wakati wa kujaza karatasi za kodi ukifika, wengine hugundua kwamba sadaka isiyo na karatasi haihesabiwi. Mambo hayo hayakuanza jana.

Kodi ya mapato ilianzishwa huko mwaka 1913. Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani na kodi ya matajiri ikapanda sana. Bunge likahofia kwamba wataacha kusaidia vyuo na hospitali, likaruhusu sadaka ipunguzwe kwenye mapato yanayotozwa kodi, isipite asilimia 15 ya mapato hayo.

Kwa miaka mingi sheki iliyopita benki ilitosha. Shida ni kwamba sheki haisemi kama mtoaji alirudishiwa kitu. Mtu analipa dola 300 kwenye karamu ya shirika, anakula, anakunywa, halafu zote anaziita sadaka! Ndiyo maana, tangu Januari 1994, anayetoa dola 250 au zaidi kwa mara moja lazima awe na barua ya kanisa au shirika, inayosema kama alipewa kitu au hapana. Na awe nayo kabla ya kupeleka hesabu zake za kodi.

Mume na mke mmoja waliionja sheria hiyo. Mwaka 2007 walilitolea kanisa lao zaidi ya dola elfu 22. Sheki zilikuwepo, barua pia. Ila barua haikuandika kwamba hawakupewa kitu. Kanisa likaandika nyingine mwaka 2009, na mwaka 2012 mahakama ya kodi ikasema imechelewa. Wakashindwa, kwa sababu ya sentensi moja tu. Mimi naona ni ukali kupita kiasi.

Mwaka 2006 sheria ilikazwa tena: hata dola moja ya mkononi inataka karatasi ya benki au ya aliyeipokea. Daftari la mtoaji mwenyewe halitoshi. Kapu letu la Jumapili, ambamo noti inaingia bila jina, huko halina ushahidi.

Na wanaotuma huku moja kwa moja? Tangu mwaka 1938, sadaka ya mtu binafsi hupunguziwa kodi ikipewa shirika lililoundwa Marekani kwenyewe. Dola zinazotumwa kwa parokia ya Uvira au kwa shangazi mgonjwa hazimo, hata zikiwa na risiti kumi.